Transfoma Iliyolisogelea Baraza la Bi Mahfudha

Kutoka kwa: Mzamil Zein, Nyumba ya Bi Mahfudha, Mji wa Kale, Mombasa.

Kwa: Mhandisi Wanza Mumo, Mkuu wa Usalama, Kampuni ya Umeme ya Mwangaza wa Kisiwa, Makupa.

Nakala: Mhariri wa gazeti, ubao wa matangazo wa Makadara, mlango wa nyumba yetu.

MINTARAFU: MSTARI WA MANJANO NA SENTIMITA ARUBAINI NA MBILI ZANGU

Mheshimiwa Mhandisi,

Baada ya salamu na heshima zinazostahili cheo chako, nalitaja dai langu mapema, usije ukalitafuta katikati ya karatasi. Dai langu ni kwamba katika mtaa wetu transfoma ndiyo iliyolikaribia baraza, wala si baraza lililoikaribia transfoma. Na kwamba kati ya wawili waliokaribiana kupita kiasi, anayepaswa kusogea ni yule aliyekuja nyuma. Nitalitetea kwa malalamiko saba. Nilikuwa nayo kumi na moja, nikayapunguza kwa kuwa najua una kazi nyingine.

Kwanza mambo yaliyotokea, ili asiyekuwepo naye ayafahamu. Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, ulifika kwetu na mafundi wawili, tepu ya chuma na mkebe wa rangi ya manjano, kwa ukaguzi wa kila mwaka wa ile transfoma iliyozungushiwa uzio wa waya kwenye pembe ya nyumba ya bibi yangu, Bi Mahfudha. Ulipima mita tatu kutoka kwenye uzio, ukaamuru upigwe mstari, na mstari ukapigwa. Ulianzia kwenye ukuta wa ghala la ng'ambo, ukavuka ujia, ukafika kwenye baraza letu, ukalipanda, ukalikata kabla halijafika mwisho, ukaishia ukutani. Upande wa ndani, juu ya kile kipande kilichokatwa, uliandika USIKAE. Mwandiko wako sina neno nao. Ni mzuri.

Kwa kuwa wewe ni mwenyeji wa bara, na huenda ulifundishwa mambo ya volti kuliko mambo ya baraza, naomba nikueleze ulichokikata. Baraza letu ni kitako cha mawe kilichoshikana na ukuta wa nyumba, kuanzia mlangoni hadi karibu na pembe. Kila alasiri wazee hukaa hapo, wakanywa kahawa tungu, wakayahukumu mambo ya dunia mpaka adhana ya magharibi. Kila nafasi ina mwenyewe. Ya kwanza, iliyo mlangoni, ni ya Maalim Jamaldin, aliyemfundisha kusoma kila mtu wa ujia huu isipokuwa Mzee Odera. Ya sita ni ya huyo Mzee Odera, aliyekuja kisiwani kwa kazi ya reli, akaanza kukaa barazani miaka thelathini na mmoja iliyopita, hata kabla ya kustaafu, na bado wenzake humwita "mgeni wetu". Wanne walio kati yao wameniomba nisiwataje katika barua yoyote nitakayoiandika, sasa na siku zijazo. Nimewastahi.

Nafasi ya saba ni yangu. Niliipata mwezi Desemba, siku niliporudi kutoka kwenye mahafali na shahada yangu ya falsafa na historia. Utoto wangu wote pale mwisho, baada ya Mzee Odera, hapakuwa na nafasi ya mtu. Siku ile palikuwa nayo. Maalim Jamaldin alinyoosha fimbo yake mpaka mwisho wa baraza akaniita, "Ndoo ukae, mwanangu." Nikafahamu kwamba wazee wamesogea kuipisha elimu. Nikakaa.

Uzito wa jambo hilo usiuchukulie wepesi. Kwetu sisi, aliyesimama mbele ya baraza ni mpita njia: atasalimu, ataulizwa hali ya nyumbani, ataombewa dua, na atakwenda zake. Aliyekaa ndiye mwenye kutoa hoja na kujibiwa. Nilisubiri miaka ishirini na minne nikae. Nimekaa wiki saba. Zile sentimita arubaini na mbili ulizozitenga kwa rangi ndizo zote nilizonazo hapa duniani za kusemea, na tangu Jumanne nimekuwa nikiulizwa hali ya nyumbani na mzee aliyekaa mlangoni pa nyumba hiyo hiyo.

Sasa malalamiko.

1. Lalamiko la kwanza ni la hodi.

Baraza lina umri wa miaka themanini na tisa. Shahidi wa hilo ni Bi Mahfudha mwenyewe, aliyezaliwa likiwa limeshakauka. Transfoma ina miaka arubaini na sita. Bibi anaikumbuka siku ilipoletwa: watu wanane, kamba, na magogo ya kuiviringishia. Aliwapa maji ya ndimu. Mkubwa wao alikunywa bilauri mbili, akafuta mdomo, akamwambia, "Ni ya muda tu, mama." Bibi bado anamngoja.

Kwetu mgeni hupiga hodi, hungoja kukaribishwa, na siku ya tatu hupewa jembe. Huyu mgeni wenu hakupiga hodi, hakungoja, na baada ya miaka arubaini na sita hakupewa jembe bali uzio, kufuli, na mhandisi wa kumtetea. Kanuni kwamba aliyetangulia ana haki kuliko aliyefuata nimeikuta katika kila jamii niliyoisoma, na pia kwa paka wa soko la samaki. Sijaona ni kwa nini iishie mlangoni pa kampuni ya umeme.

2. Lalamiko la pili ni kwamba transfoma inatembea.

Hili ndilo zito, na ningependa ulisome ukiwa umekaa, kama una pa kukaa.

Mwaka jana mlipiga mstari kama huu, wa mita tatu kama hizi, kutoka kwenye uzio ule ule. Alama zake zilizofifia zingali zinaonekana sakafuni. Mstari huo ulipita kando ya baraza bila kuligusa. Sikuwepo, nilikuwa chuoni, lakini nimewauliza wazee wote sita, na wote sita wamekiri kwamba mwaka jana haukuligusa, kisha wote sita wakatazama ndani ya vikombe vyao. Nimeuchukua ukimya huo kuwa ni huzuni.

Basi tufikiri pamoja. Mawe ya baraza ni ya matumbawe, yameshikana kwa chokaa, hayatembei. Mita ni mita, nayo haitembei. Vitu ni vitatu, viwili havitembei, na umbali umepungua. Kilichotembea ni cha tatu. Sijui namna nyingine ya kuitoa hesabu hii, na kama wewe unaijua, hilo ndilo mojawapo ya mambo ninayotaka uyajibu hadharani.

Ulinijibu siku ile kwamba transfoma ina uzito wa zaidi ya tani mbili na imefungwa kwa boliti. Nami nakujibu kwa heshima kwamba uzito haujapata kumzuia yeyote kusogea barazani kidogo kidogo. Nina majina manne ya mfano, ila ndiyo yale niliyokatazwa kuyataja.

Uliniuliza pia, ukiwa umechuchumaa na kukigusa kwa kidole, kwa nini kipande cha mwisho cha baraza ni cheupe na laini kuliko vingine. Nilikwambia sijui. Sasa nimelitafakari nikapata jibu. Kabla ya wazee kusogea, pale ndipo alipokuwa akikaa Mzee Odera. Miaka thelathini na mmoja ya suruali nzito ya reli imelisugua jiwe mpaka likang'aa. Nilipomshukuru kwa kunitunzia vizuri hivyo, alisema, "Sawa, kijana." Ni mtu asiyependa sifa.

Madhara ya mwendo huu ni rahisi kuyakadiria. Ikiwa transfoma inakula sentimita arubaini na mbili kwa mwaka, mwakani itamfikia Mzee Odera. Ndani ya miaka saba itakuwa imelimaliza baraza zima na kumwondoa Maalim Jamaldin, kisha itasimama mlangoni kwa Bi Mahfudha, ambapo huenda hatimaye itapiga hodi. Baada ya kama miaka elfu moja itafika Makadara, na huko ndiko itakakokwama, kwa sababu ya tuktuk. Mimi siandiki kwa ajili yangu tu. Naandika kwa ajili ya watu wa Makadara ambao hawajazaliwa.

3. Lalamiko la tatu ni la kupita na kukaa.

Ujia wetu hauna mita tatu. Ukitoka kwenye uzio ukahesabu mita tatu kuelekea upande wowote, utawagusa watu wanaokwenda msikitini, mkokoteni wa maji, mama anayepeleka mahamri, tuktuk ikiwa na abiria wanne, na paka ambaye hulala chini ya kibao cha HATARI kilicho kwenye uzio kila adhuhuri. Wote wamo ndani ya mstari wako, na hakuna aliyeandikiwa neno. Nilipokuuliza kwa nini, ulinijibu bila hata kuacha kukunja tepu: "Anayepita, anapita. Anayekaa, anakaa."

Nilipolitafakari jibu hilo nikaona limenitupa mahali ambapo hapajapata kukaliwa na mwanadamu. Kwa sheria ya umeme mimi ni mkaaji, kwa hiyo niondoke. Nikiondoka nikasimama, kwa sheria ya baraza mimi ni mpita njia, kwa hiyo niende zangu. Umeme unanifukuza kwa kuwa nimekaa, na wazee wananiaga kwa kuwa nimesimama. Jana nilianza kuieleza maana ya haki, nikiwa nimeegemea ukuta, na kabla sijafika kwenye sehemu ya pili ya hoja Maalim aliinua mkono akasema, "Nisalimie wa nyumbani." Nyumbani ni nyuma ya mgongo wake.

Kwa hiyo naomba tafsiri. Je, mtu anayepita polepole sana, akaingia ndani ya mstari baada ya alasiri na kutoka magharibi, huyo ni mpita njia au ni mkaaji? Mwendo wa namna gani ndio unaoukubali? Mimi niko tayari kupita kwa mwendo wowote mtakaouandika, mradi uwe wa kutosha kunywa vikombe viwili.

4. Lalamiko la nne linahusu kurudi nyuma kwa fundi.

Ulinieleza, na nilikusikiliza kwa makini, kwamba zile mita tatu si kwa ajili ya umeme kuruka tu. Ni nafasi ya fundi. Anapofungua kabati la swichi, ulisema, mlango lazima ufunguke wote, na yeye lazima awe na pa kurudi nyuma kwa haraka likitokea jambo, asijikwae kwa mtu wala kwa kitu. Nakiri kwamba ni sababu nzuri. Ndiyo sababu ninaipinga kwa uangalifu.

Fundi anayeruka nyuma na kukuta nafasi tupu, anaanguka. Fundi anayeruka nyuma na kukuta mhitimu, anadakwa. Nafasi tupu haijapata kumdaka mtu tangu dunia iumbwe. Tena watu wa ujia huu wamezoea kazi hiyo: tumepitisha hapa makabati ya maharusi, majeneza, friji za milango miwili, na mwaka juzi ng'ombe mmoja aliyebadili mawazo katikati. Hakuna aliyeumia isipokuwa ukuta. Najitolea kuwa mdakaji rasmi wa fundi wenu, bila mshahara, kila siku ya kazi, mahali pangu pa kazi pakiwa nafasi ya saba.

Mmoja wa mafundi wako, yule mrefu, aliposikia pendekezo hili alicheka. Ningependa kicheko chake kifafanuliwe kwa maandishi.

5. Lalamiko la tano ni la vikombe.

Muuza kahawa akija na dele lake, birika lile la kahawa, huanzia mwisho wa baraza. Mdogo kuliko wote hupokea vikombe, akavipitisha mpaka mlangoni, na mwenyewe hunywa mwisho. Ndivyo mdogo anavyolipa kukaa kwake, na kwa wiki saba nimelipa bila kumwaga tone, isipokuwa mara moja nilipokuwa nikieleza jambo kwa mikono.

Sasa nafasi ya saba imefungwa. Muuza kahawa anaanzia ya sita. Yaani Mzee Odera, mwenye miaka sabini na mmoja na goti moja tu linalokunjika, ndiye anayeinama kupokea vikombe na kuvipitisha kama kijana. Juzi aliniambia mbele ya watu, "Nilistaafu reli ili nipumzike, Mzamil, na kampuni ya umeme imeniajiri upya." Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nimesimama, na aliyesimama akicheka huonekana anawacheka waliokaa.

6. Lalamiko la sita ni fupi. Fuvu lililochorwa kwenye kibao cha HATARI linatazama sawasawa mahali pangu. Bibi yangu ameuliza mara mbili linacheka nini.

7. Lalamiko la saba na la mwisho ni la usawa mbele ya sheria.

Sheria yenu, nikiifahamu vyema, inasema kwamba kila kitu chenye nguvu ya kudhuru kina haki ya kupewa nafasi tupu kukizunguka, na kadiri nguvu inavyozidi ndivyo nafasi inavyopanuka. Sina ugomvi na kanuni. Nina ugomvi na upendeleo. Ikiwa transfoma, ambayo katika miaka arubaini na sita haijamdhuru mtu wa ujia huu, imepewa mita tatu, basi na vyenye madhara ya kujulikana navyo vipewe haki yao.

Karai la mama wa mahamri lina mafuta yanayochemka na limeshawahi kuniunguza: mita mbili. Mikokoteni inayoteremka kutoka Makupa bila breki: mita kumi, kuelekea mbele. Wajumbe wa kamati ya harusi wanapotafuta mtu wa kubeba viti: mita ishirini, na ukuta kati. Bi Mahfudha akishakatazwa chumvi na daktari: mtaa mzima. Ukianza kuzijumlisha nafasi hizi, kama nilivyofanya kwa karatasi na kalamu ya risasi, utaona kwamba kisiwa cha Mombasa hakitoshi. Ili kila chenye madhara kipate nafasi yake kisheria, itabidi sisi watu tuhamie bara, tukipitia Makupa kwa mpangilio, wazee wakitangulia. Kisiwani zitabaki transfoma tu, kila moja na mita zake tatu, zikiwashiana taa.

Na huko bara tutakakokuwa, Mheshimiwa, jambo la kwanza tutakaloliomba ni umeme. Mtatuletea transfoma. Mtasema ni ya muda tu.

Baada ya hayo, ninayoyaomba si makubwa. La kwanza: transfoma irudishwe nyuma sentimita arubaini na mbili, pale ilipokuwa kabla ya kuanza safari. Nyuma yake kuna ghala jingine ambalo mwenyewe alihamia Maskati, na ambalo halijafunguliwa tangu nikiwa na meno ya utotoni, halitahisi. Ikishindikana, la pili: inyanyuliwe juu ya nguzo, kwa kuwa mita tatu kwenda juu ni mita tatu vilevile, na huko juu hakuna baraza ninalolijua. Ikishindikana hilo nalo, la tatu: nipewe kibali chenye mhuri, kinachonitambua kuwa Mpita Njia wa Kudumu, kinachoniruhusu kupita nikiwa nimekaa.

Jibu nalitaka ndani ya siku kumi na nne, na nalitaka hadharani. Libandikwe kwenye ubao wa Makadara na lichapishwe gazetini kwa herufi zisizo ndogo kuliko zile za USIKAE. Kisha ufike mwenyewe ulisome barazani, mbele ya wazee wote sita. Utakaribishwa ukae, mahali popote utakapopachagua nje ya mstari wako, ili nawe hoja yako isikilizwe. Mimi nitakuwa nimesimama. Utanisalimia, nitakuuliza hali ya nyumbani, na hapo utaona kwa macho yako dhuluma ninayoieleza.

Nifikishie salamu kwa mafundi wako wawili, hasa yule aliyepangusia brashi kwenye ukuta wetu; Bi Mahfudha amesema ameshamsamehe na angependa kujua rangi ile hutolewa kwa kitu gani. Maalim Jamaldin anakuombea afya. Mzee Odera anakusalimu kwa Kikamba alichojifunza relini, ambacho hataki kukitafsiri. Wale wanne wanakusalimu bila majina. Muuza kahawa anasema siku ukija usilipe, na paka wa adhuhuri hana neno.

Nabaki mwenye kukuheshimu, na mwenye kusimama,

Mzamil Zein,
Shahada ya Falsafa na Historia,
Mwenye Nafasi ya Saba, inayozuiliwa kwa sasa.

NYONGEZA. Kabla sijaitia barua hii katika bahasha, niliisoma barazani kwa sauti, nikiwa wima, kwa ruhusa maalumu iliyotolewa kwa sharti kwamba nisirudie hata sehemu moja. Nilipofika kwenye miaka themanini na tisa, Mzee Odera alikohoa. Nilipofika kwenye transfoma kutembea, Maalim Jamaldin aliweka kikombe chini akaita kuelekea dirishani, "Mwambie, Bi Mahfudha, kabla hajaipeleka." Bibi akajibu kutoka ndani, "Nyinyi ndio mliomficha. Mwambieni nyinyi."

Basi nikaambiwa. Baraza hili lilikuwa na nafasi sita tangu lilipojengwa. Mwezi Desemba, nilipokuwa kwenye mahafali, Maalim aliwauliza wenzake: kijana anarudi na cheti chake, tutamweka wapi? Hakuna aliyekubali kuinuka, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenziwe ainuke. Wakamwita fundi mwashi, akaliongeza baraza kwa shubiri mbili kasoro kidogo. Upande wa mlango hapakuwa na pa kuongezea, kwa hiyo wakaelekea upande wa stima. Mzee Odera ndiye aliyeshika pima maji. Plasta ilikauka jana yake, nami nikafika. Wakaafikiana nisiambiwe, ili nidhani wamesogea.

Kwa hiyo transfoma haijatembea. Suruali ya Mzee Odera haihusiki na weupe wa kile kipande. Na kati ya mwenye miaka arubaini na sita na mwenye wiki saba, aliyekuja nyuma anajulikana, na hukumu yake nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe mwanzoni mwa barua hii. Nimeirudia mara tatu nikitafuta mwanya. Nimeiandika vizuri mno, mwanya hauna.

Wazee hawakungoja jibu lako. Walipomaliza kunieleza, kila mmoja alijibana kwa upana wa vidole vinne kuelekea mlangoni, Maalim akabanwa na kizingiti, na vidole vinne mara sita vikatosha. Safari hii wamesogea kweli. Nayaandika haya nikiwa nimekaa, nje ya mstari wako, kati ya Mzee Odera na sheria, na nimeshapitisha vikombe mara mbili. Aliponipisha aliniambia, "Mwili wako mwembamba, Mzamil. Ni maneno yako ndiyo yanayohitaji mita tatu." Nimeruhusiwa kujibu, kwa kuwa nimekaa. Ila kwanza napitisha vikombe mara ya tatu.

Hata hivyo jibu lako la hadharani nalidai vilevile, maana dai lililotolewa mbele za watu halifutwi chumbani. Naomba jambo moja tu: litakapobandikwa, libandikwe mbali na baraza hili, kwa umbali usiopungua mita tatu.